Dubwana Hutambuliwa kwa Mwenendo Wake

Filamu za madubwana ni tawi la sinema linalomweka katikati kiumbe mkubwa au wa kutisha asiyepatikana katika vitabu vya elimu ya wanyama, ambaye ujio wake huvuruga maisha ya watu mpaka wamwue, wamkimbie au wakubali kuishi naye. Ndani ya tawi hilo limo kundi linalostahili kuangaliwa peke yake, nalo ni lile la filamu za viumbe wa visakale. Kisakale, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa fasihi simulizi, ni masimulizi ya kale ambayo jamii huyahusisha na mahali au watu inaowafahamu, na ambayo wasimulizi wake huyaeleza kana kwamba yalitokea kweli. Joka la Ulaya, vampaya anayetoka kaburini usiku kunyonya damu ya walio hai, troli wa milima ya Norway na mnyama wa ziwa la Loch Ness huko Uskoti ni viumbe wa aina hiyo, kwa kuwa mtazamaji huwa amekwisha kusikia habari zao kabla hajakata tiketi. King Kong na Godzilla walibuniwa na watengenezaji wa filamu, lakini kwa kurudiwarudiwa wamejiunga na kundi hilohilo, kiasi kwamba leo wamo watu wengi wanaoweza kueleza tabia zao bila kuwahi kuiona filamu hata moja kati ya zile za mwanzo.

Ujuzi huo wa awali ndio unaozitenga filamu hizi na nyingine. Mtazamaji wa filamu ya upelelezi huenda kutafuta asichokijua, naye hukasirika akitajiwa muuaji mapema. Mtazamaji wa filamu ya kiumbe wa kisakale huenda kuona kile anachokijua tayari, akitaka aonyeshwe kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Kati yake na mwongozaji kuna mapatano yasiyoandikwa popote, yanayohusu umbo la kiumbe, wakati wa kujitokeza kwake, mambo anayoyaweza na asiyoyaweza, na sababu ya yeye kuwapo. Filamu zilizolaumiwa zaidi katika tawi hili hazikuwa na uhaba wa fedha wala wa mitambo. Kosa lao lilikuwa la watu waliodhani kwamba dubwana hutambuliwa kwa ukubwa, hali watazamaji hulitambua kwa mwenendo wake.

Wasimulizi wa mwambao wa Afrika Mashariki waliyafahamu mapatano hayo kabla sinema haijavumbuliwa. Katika ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha Swahili Tales, paka wa sultani anaachwa ale kuku, kisha mifugo, kisha watu, hadi anageuka kuwa nunda mla watu, na mwana mdogo wa sultani anaingia mwituni kumwinda. Kila anapoua mnyama humkokota hadi nyumbani akidhani amempata, na kila mara mama yake humjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anapita kwa mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru na tembo, na kwa kila anayekataliwa picha ya nunda katika akili ya msikilizaji huzidi kukua, ingawa nunda mwenyewe hajaelezwa bado. Msimulizi humjenga mnyama wake kwa kutaja wale ambao siye, na anapofika kwa nunda halisi hana haja ya maneno mengi, kwa sababu msikilizaji amekwisha kumfanyia kazi. Waongozaji wa Marekani na Japani waliifikia mbinu hiyo kwa njia yao wenyewe, wengine baada ya kupoteza fedha nyingi.

Filamu iliyoweka msingi wa karibu yote yaliyofuata ni King Kong, iliyoongozwa na Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack na kuanza kuonyeshwa New York mwezi Machi 1933. Sokwe wake wa ajabu alikuwa, katika sehemu kubwa ya filamu, kisanamu chenye urefu wa takriban sentimita 45, chenye mifupa ya chuma na manyoya ya sungura, na aliyekipa uhai alikuwa fundi Willis O'Brien, ambaye mwaka 1925 alikwisha kuwatembeza wanyama wa kale katika The Lost World. Mbinu yake ilikuwa kupiga picha moja, kukisogeza kisanamu kidogo sana, kupiga nyingine, na kuendelea hivyo picha kwa picha, huku kila sekunde moja ya filamu ikidai picha 24. Vidole vya mafundi viliyavuruga manyoya kila vilipoyagusa, kwa hiyo kwenye skrini mwili wa Kong huonekana ukitetema bila upepo. Kasoro hiyo ingeweza kuiua filamu, lakini haikuiua, maana watu walikuwa wakimtazama usoni kiumbe anayeshangaa, anayekasirika na anayehuzunika, wala hawakuwa na nafasi ya kukagua ngozi yake.

Jambo lisilotajwa mara nyingi kuhusu King Kong ni kwamba hadhira imo ndani ya kisa chenyewe. Mhusika Carl Denham ni mtengenezaji wa filamu anayesafiri hadi kisiwa kisichojulikana, anamkamata Kong, anamfunga minyororo jukwaani mjini New York na kuwauzia watu tiketi za kuja kumwona. Watu hao wanakaa vitini wakiwa wamevaa vizuri, wanalalamika kidogo, wanasubiri, na pazia linapofunguliwa wanapata walichokilipia hadi wanajuta. Mtazamaji wa mwaka 1933 alikuwa akijitazama mwenyewe, jambo ambalo ni ujasiri mkubwa kwa filamu iliyokusudiwa kuwa burudani ya kawaida.

Kong alihitaji pia mtu wa kumkumbuka. Kwa kuwa hakuwa na kisakale chochote nyuma yake, waandishi walimtungia kimoja, wakaweka kisiwani ukuta mkubwa wa kale, ngoma, na wenyeji wanaomtolea mwanamke kama kafara. Wenyeji hao walichorwa kwa dharau ya kikoloni, na doa hilo limeendelea kuonekana hata katika filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2005, ambayo kwa ustadi wa mitambo iliipita ya kwanza kwa mbali. Hata hivyo, kanuni iliyofichika chini ya doa hilo ni ya kweli: kiumbe mpya huaminika pale anapotokea mzee wa kusema kwamba mababu walimjua. Wajapani waliitumia kanuni hiyo katika Godzilla, miaka 21 baada ya King Kong ya kwanza, bila dharau hiyo, kwa kuwa mzee wao alikuwa mvuvi wa kwao wenyewe.

Kanuni za viumbe hawa zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu nyingi kati ya zile ambazo watazamaji huzitetea kama urithi wa kale zilitungwa na sinema. Inaaminika kote kwamba vampaya huuawa na mwanga wa jua. Katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, vampaya huyo hutembea mchana mjini London, ingawa nguvu zake hupungua. Kifo cha mwangani kililetwa na filamu bubu ya Kijerumani ya Nosferatu, ya mwongozaji F. W. Murnau, mwaka 1922, ambamo kiumbe hutoweka jua linapochomoza, na tangu hapo kanuni ikawa sheria. Hali ni hiyohiyo kwa mtu anayegeuka mbwamwitu: imani kwamba watu wa aina hiyo wapo ni ya kale sana huko Ulaya, lakini mengi ya masharti yanayojulikana leo, likiwemo lile la kwamba fedha ndiyo inayomwua, yalienezwa na filamu ya The Wolf Man ya mwaka 1941, ambayo muswada wake uliandikwa na Curt Siodmak. Sharti la kwamba hugeuka mwezi ukiwa mpevu likathibitishwa katika mwendelezo wake wa mwaka 1943.

Sababu ya watazamaji kuyashikilia masharti hayo si ukaidi. Kiumbe anayeweza kila kitu hatishi, maana mbele yake hakuna la kufanya isipokuwa kufa, na kifo kisichozuilika huchosha haraka. Woga wa sinema huishi katika ile nafasi finyu ambamo mhusika ana njia moja ya kuokoka na muda haumtoshi: alfajiri haijafika, risasi ya fedha imebaki moja. Ndiyo maana mwongozaji anayeondoa sharti bila kuweka jingine hujikuta amepoteza woga pamoja na sharti. Mfano mzuri wa aliyeyaheshimu masharti huku akiyafanyia mzaha ni André Øvredal wa Norway, ambaye katika filamu ya Trolljegeren ya mwaka 2010 aliwachukua matroli wa hadithi za watoto, wenye kunusa damu ya Wakristo na kugeuka mawe juani, akawaweka chini ya idara ya serikali yenye fomu za kujaza, huku daktari wa mifugo akieleza kwa sauti ya kitaalamu jinsi mwanga wa jua unavyowageuza mawe. Watu wa Norway walicheka kwa sababu walizijua kanuni zote. Mgeni asiyezijua hupata nusu ya filamu tu.

Yupo pia aliyezigeuza kanuni ili kuulinda uaminifu wa macho. Ray Harryhausen, ambaye utotoni aliiona King Kong na kuamua kuifanya kazi hiyo maisha yake yote, alitengeneza viumbe wa The 7th Voyage of Sinbad ya mwaka 1958, filamu inayochota kutoka hadithi za Sindbadi zinazofahamika sana pwani ya Afrika Mashariki kupitia Alfu Lela Ulela. Jitu lake lenye jicho moja alilipa miguu ya mbuzi yenye kwato, kwa hesabu kwamba mtazamaji akiona magoti yakipinda kinyume hatadhani kwamba ndani yake yumo mtu aliyevaa vazi. Ndege mkubwa Rukhi, ambaye katika masimulizi ya wasafiri kama Marco Polo alihusishwa na kisiwa cha Madagaska, alipewa vichwa viwili. Hakuna aliyelalamika. Hadhira husamehe mabadiliko ya umbo kwa urahisi kuliko mabadiliko ya tabia, na somo hilo lingewaokoa watengenezaji wa Godzilla ya mwaka 1998 kama wangelizingatia.

Godzilla, ambaye kwa Kijapani huitwa Gojira, ndiye kielelezo kamili cha mahusiano kati ya dubwana na hadhira yake. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, visiwa vya Marshall, na majivu yenye mionzi yakaiangukia meli ya uvuvi ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru iliyokuwa na wavuvi 23. Mmoja wao, fundi wa redio wa meli hiyo, alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Tarehe 3 Novemba kampuni ya Toho ilitoa filamu iliyoongozwa na Ishiro Honda, ambayo inaanza kwa meli ya uvuvi kuunguzwa na mwanga wa ghafla baharini. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtazamaji wa Tokyo mwanga huo ni wa nini. Miaka 9 tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima na Nagasaki, na wodi za hospitali zilizojaa majeruhi, mtoto anayepimwa mionzi na mji unaowaka usiku kucha ni mambo ambayo watu wengi waliokaa katika kumbi hizo waliyaona kwa macho yao. Katika kisiwa cha kubuni cha Odo, mvuvi mzee anakumbusha kwamba zamani samaki walipoadimika wasichana walitolewa kafara kwa Gojira, na kwa maneno hayo machache dubwana lililozaliwa na bomu la jana likapata ukoo wa karne nyingi.

Eiji Tsuburaya, bingwa wa athari maalumu, yaani ufundi wa kutengeneza kwenye picha mambo yasiyoweza kupigwa picha katika hali halisi, alitamani kutumia mbinu ya O'Brien, lakini muda haukumruhusu. Badala yake mwigizaji Haruo Nakajima alivalishwa vazi zito sana la mpira, lenye joto lililomfanya azimie, akaukanyaga mji wa Tokyo uliojengwa kwa kipimo kidogo. Mlio wa kiumbe huyo ulibuniwa na mtunzi wa muziki Akira Ifukube kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za besi kubwa kwa glavu ya ngozi. Kila mtu aliyeiona filamu hiyo aliweza kutambua, kama angetaka, kwamba anamtazama mtu aliyevaa mpira. Watu hawakutaka, kwa sababu filamu iliwaheshimu kwa kuwaambia jambo zito, nao wakairudishia heshima hiyo kwa kukubali kuamini.

Hadhira, hata hivyo, haibaki ileile. Kufikia miaka ya 1960 watoto ndio waliokuwa wakijaza kumbi za Japani, na Godzilla akabadilika pamoja nao: mwaka 1962 alipigana na King Kong katika filamu iliyouza tiketi nyingi kuliko nyingine zote za mfululizo huo nchini Japani, na mwaka 1964 akaungana na madubwana wenzake kuikinga dunia dhidi ya joka lenye vichwa vitatu. Wapo wachambuzi wanaoyaona mabadiliko hayo kuwa usaliti. Hukumu hiyo ni kali mno, kwani mwenendo wa msingi haukuguswa. Godzilla aliendelea kuwa nguvu isiyozuilika kwa silaha za kawaida, aliendelea kutoa mdomoni miali ya mionzi, na aliendelea kutembea kwa kishindo kama mwenye mji, asiyemkimbia yeyote.

Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoondolewa mwaka 1998, Roland Emmerich alipotengeneza toleo la Kimarekani lililogharimu zaidi ya dola milioni 100. Matangazo yake yalimficha kiumbe kwa miezi mingi, yakionyesha mguu au jicho tu na kusifu ukubwa, kwa hiyo siku ya kwanza watu waliingia wakiwa na kiu kali. Walichokiona kilikuwa mjusi mwembamba mwenye mbio, anayezikimbia helikopta, anayetaga mayai katika ukumbi wa michezo wa Madison Square Garden, na anayekufa kwa makombora ya ndege za kivita akiwa amenaswa kwenye daraja la Brooklyn. Kwa ufundi wa kompyuta wa wakati ule kazi ilikuwa nzuri, na filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 370 duniani kote, fedha ambazo katika biashara ya kawaida zingetosha kuzaa mwendelezo. Mwendelezo haukuzaliwa. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapa watazamaji waliletewa zimwi lisilowajua. Toho ilimrudisha Godzilla wake mwaka 1999, na mwaka 2004, katika Godzilla: Final Wars, ikamleta yule wa Kimarekani kwa jina lililopunguzwa la Zilla, ikamkutanisha na Godzilla halisi mjini Sydney na kumaliza pambano kwa sekunde chache. Ni nadra kampuni kutoa hukumu ya hadhira kwa njia ya wazi namna hiyo.

Mwingereza Gareth Edwards alilijua kosa hilo alipopewa filamu ya mwaka 2014. Alimrejeshea Godzilla uzito na mwendo wake, akachagua kumficha kwa takriban saa nzima, kwa kufuata mfano wa Jaws ya Steven Spielberg. Katika Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wa bandia aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, na mwongozaji akalazimika kumwonyesha kwa alama za nje tu, kama muziki, maboya yanayoburutwa na maji yanayotulia ghafla, mpaka kuchelewa huko kukawa ndiyo nguvu ya filamu. Lakini Edwards alikuwa na kiumbe asiyeharibika, na watazamaji walijua. Pale ambapo pambano la kwanza linaanza uwanja wa ndege wa Hawaii na picha inahamia kwenye televisheni ya sebuleni, wengi walihisi wamepokonywa haki yao. Kuchelewesha kunavumilika maadamu kila hatua inaongeza jambo, kama katika ngano ya nunda. Kufunga mlango mbele ya pua ya mtazamaji ni jambo jingine. Pamoja na hayo, mwangaza wa buluu ulipoanza kupanda kutoka mkiani hadi mgongoni karibu na mwisho, na miali ikatoka kwa mara ya kwanza, watu katika kumbi nyingi walishangilia kwa sauti.

Kampuni iliyoitoa filamu hiyo iliyasikia malalamiko na kuyachukua neno kwa neno. Filamu iliyofuata, ya mwaka 2019, ilijaza mapigano ya madubwana manne na mengine madogo pembeni, ikaingiza fedha kidogo kuliko ile ya 2014. Hapa lipo fundisho lisilopendeza kwa yeyote anayeongoza kazi yake kwa maoni ya wateja: mtazamaji anayesema alitaka kumwona kiumbe zaidi huwa anasema ukweli kuhusu kutoridhika kwake, lakini huenda amekosea kuhusu dawa.

Nguvu ya matarajio haiishii kwenye skrini. King Kong iliyotoka mwaka 1933 ilikuwa na mnyama wa kale mwenye shingo ndefu, na mwaka huohuo, baada ya filamu kuonyeshwa Uingereza, mtalii mmoja aliripoti kuona kiumbe wa namna hiyo akivuka barabara kando ya Loch Ness. Wapo watafiti waliouhusisha ushuhuda huo na filamu. Picha maarufu iliyochapishwa mwaka 1934, ya kichwa na shingo vikitokeza majini, ilikuja kufichuliwa baadaye kuwa ya kichwa cha bandia kilichopachikwa juu ya nyambizi ya kuchezea. Mwongozaji Billy Wilder alipopeleka ziwani sanamu kubwa ya mnyama huyo kwa ajili ya filamu yake ya Sherlock Holmes iliyotoka mwaka 1970, hakuzipenda nundu zake mbili, akaamuru ziondolewe. Sanamu ikazama, na ikagunduliwa chini ya ziwa mwaka 2016 na roboti ya uchunguzi. Kwa hiyo dubwana limo Loch Ness, la kutengenezwa na watu, nalo halifanani na lile linalotarajiwa.

Kenya ina ushahidi wake. Simba wawili walioua vibarua wa reli kwenye daraja la mto Tsavo mwaka 1898, hata baadhi ya vibarua wakasadiki kwamba ni mashetani, waliingizwa katika filamu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyopigwa Afrika Kusini. Simba halisi, ambao miili yao iliyokaushwa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, walikuwa madume yasiyo na manyoya shingoni, kama wengi wa Tsavo walivyo. Wale wa kwenye filamu wana manyoya tele. Mtazamaji wa mbali anamjua simba dume kwa manyoya, na ukweli ulipogongana na picha hiyo, ukweli ndio uliokaa pembeni.

Watazamaji wa Afrika Mashariki wenyewe wamezoea kuupata uhondo huu kwa namna yao. Katika vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda, filamu za nje zilipita mdomoni mwa wafasiri wanaozungumza juu ya sauti ya filamu, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao huwapa wahusika majina ya nyumbani, huwaonya kabla ya hatari na huwacheka wanapokosea. Mfasiri wa aina hiyo hufanya kazi ya yule mzee wa kisiwa cha Odo: huwaambia watu kwamba kiumbe wanayemwona anajulikana. Waongozaji wa video nao waligeukia masimulizi ya kwao, na Mussa Banzi wa Dar es Salaam, katika filamu kama Nsyuka na Shumileta za miaka ya 2000, aliwatumia wafu wanaorudi na majini ambao watazamaji wake hawakuhitaji kuelezwa habari zao. Vinyago na vipodozi vyake vilikuwa vya bei nafuu, na bado filamu hizo zilitazamwa, kwa sababu ileile iliyomfanya mtu wa Tokyo wa mwaka 1954 asilikodolee macho vazi la mpira.

Kisingizio cha fedha kimezidi kudhoofika tangu mwaka 2023, pale Takashi Yamazaki alipotoa Godzilla Minus One, inayorejea Japani iliyoshindwa vitani na rubani aliyekwepa kujitoa mhanga. Athari zake maalumu zilifanywa na kundi la mafundi wapatao 35, kwa bajeti ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya filamu za Marekani za dubwana hilohilo, nayo mwezi Machi 2024 ikashinda tuzo ya Oscar ya athari maalumu, ya kwanza kwa mfululizo wa Godzilla. Ni kweli kwamba milioni kadhaa za dola bado ni nyingi mno kwa mwongozaji wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Lakini nunda hana deni la haki miliki kwa kampuni yoyote, na mazimwi ya ngano yana masharti yao yaliyokamilika. Mwongozaji anayetaka kuwapeleka kwenye skrini na aanze kwa kuwauliza wazee ni jambo gani ambalo kiumbe huyo hawezi kulifanya, wapi hathubutu kupita, na nini humkimbiza. Akishapata majibu, ndipo akakodi kamera.